Mgombea akiondoa kodi yote, pengo litajazwa na nani?

Swali hili limetoka soko la Kenya, yaani komini yenye jina hilo hapa Lubumbashi, Kongo, si nchi ya Kenya. Nimeliacha katika Kiswahili cha mwenyewe, kama alivyolituma (bunga ni unga, makuta ni pesa, Leta ni serikali, likelemba ni kikundi cha kuchanga akiba na kupokea kwa zamu):

"Mwalimu, jambo. Miye niko nauzisha bunga ku soko ya Kenya. Ku likelemba yetu tunabishana sana juu ya uchaguzi. Mwenzetu mumoja anasema atapigia kura mutu mwenye ataondoa kodi yote. Mwengine anasema apana, anapenda mwenye atalipia batoto masomo mpaka sekondari na kuongeza mushahara ya ba mwalimu. Mutoto yangu mwenye iko Marekani anasema kule Leta iko na deni kupita inchi yote ya dunia, na bantu banakula muzuri. Sasa ile defisi banasemaka ku radio iko na mubaya gani? Tusikilize nani? Na tena, makuta ya likelemba tuweke mu franka ao mu dola?"

Mama, jambo sana. Umeuliza mengi kwa pumzi moja, na lile la mwisho, la makuta ya likelemba, ndilo limeshika mengine yote. Nitaliacha mpaka mwisho. Ila niseme mapema ninachoamini, usije ukanitafuta katikati ya maneno: pengo la bajeti, hiyo defisi ya redioni, si dhambi. Swali la kuuliza ni nani analijaza bila kuulizwa. Kwetu, kwa miaka mingi, waliolijaza ni watu wa aina mbili: mwenye franka mkononi, na yule anayeidai serikali mshahara.

Defisi unaijua kuliko unavyodhani. Umeenda Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na pesa ya magunia ishirini, ukakuta bei imeshuka, ukakopa ya magunia kumi zaidi kwa sababu wateja unao. Umetumia kuliko ulichokuwa nacho, na hakuna mwenye akili atakayekulaumu. Lakini ukikopa kiasi hicho hicho kwa ajili ya vitenge vya harusi, tena kwa mtu wa Banque Lambert, yule anayetaka umrudishie pesa yake na nusu juu yake mwisho wa mwezi, hapo hata watoto nyumbani wataanza kukuangalia vibaya. Mpaka hapa meza yako na serikali vinafanana. Vinaachana mahali pawili. Wewe huwezi kuchapa noti, serikali inaweza. Na wewe usipolipa, mwenye pesa anakuja kubeba televisheni. Serikali isipomlipa mwalimu, mwalimu hana mlango wa kwenda kugonga.

Kuna mtego mmoja nataka uuone kabla hatujaenda mbele. Katiba yetu inataka muswada wa bajeti ufike Bungeni kabla ya tarehe 15 Septemba, na kila mwaka wakati huo redio inatangaza kwamba bajeti iko sawasawa, mapato na matumizi. Ile ya 2024 ilipitishwa hivyo: franka bilioni 40,986 upande huu na bilioni 40,986 upande ule, karibu dola bilioni 16. Watu wakisikia "sawasawa" wanaelewa hakuna pengo. Pengo lipo, limeketi upande wa mapato. Mikopo ya nje, misaada, hati ambazo Hazina inawauzia mabenki, yote yanaandikwa kama pesa inayoingia. Ni kama uandike kwenye daftari lako: mauzo laki tano, shemeji laki mbili, jumla laki saba. Hesabu imefunga vizuri kabisa, lakini shemeji atakuja. Kwa hiyo mgombea akijisifu mbele yenu kwamba bajeti yake haitakuwa na defisi, mwambie afungue daftari upande wa mapato.

Sasa nimgeukie mtoto wako, kwa sababu hakudanganya. Deni la serikali kuu ya Marekani lilipita dola trilioni 36 mwishoni mwa 2024. Trilioni moja ni bilioni elfu. Mwaka huo wa bajeti peke yake pengo lao lilikuwa karibu trilioni 1.8, yaani pengo la mwaka mmoja la Marekani lingeweza kulipa bajeti nzima ya Kongo ya 2024 zaidi ya mara mia. Mbona hawaanguki?

Jibu liko ndani ya mkoba wako. Mwaka ukienda vizuri, faida unaificha katika pesa gani? Mwenye duka wa Lusaka anafanya hivyo hivyo, na mnunuzi wa kobalti wa Kolwezi, na benki kuu ya Japani. Serikali ya Marekani inakopa katika pesa inayoitoa yenyewe, na dunia nzima imejipanga mlangoni kuishika. Sisi tunakopa dola, tunadaiwa dola, na wengi wa wanaolipa kodi wanalipa kwa franka. Franka ikishuka thamani, deni linanenepa bila sisi kukopa hata senti nyingine.

Na mwambie huyo mtoto kwamba kule nako wanabishana kama ninyi kwenye likelemba. Ronald Reagan alishika urais 1981 akapunguza kodi, akaongeza pesa za jeshi, na katika miaka yake minane deni likapanda karibu mara tatu. Aliyemfuata, George Bush baba, aliomba kura 1988 kwa kuapa kwamba hataleta kodi mpya. Mwaka 1990 pengo likambana, akakubali kodi kupandishwa, na 1992 wapiga kura wakamkumbusha kiapo chake. Bill Clinton akashinda. Katika uchaguzi huo alikuwapo pia tajiri mmoja, Ross Perot, aliyenunua muda wa televisheni akawaonyesha watu michoro ya defisi kama mwalimu darasani, na akapata karibu 19% ya kura. Tangu 1998 hadi 2001 serikali yao ikabaki na ziada. Halafu pengo likarudi, na limekaa na vyama vyote viwili. Nao wanalipia: mwaka wa 2024 riba ya deni ilipita pesa walizotumia kwa jeshi lao, jeshi lenye gharama kubwa kuliko yote duniani.

Uingereza pia ina pesa inayoheshimika. Septemba 2022 serikali ya Liz Truss ikatangaza kupunguza kodi kwa kiasi kikubwa bila kusema pengo litajazwa na nini. Pauni ikaporomoka siku chache, riba ya mikopo ya nyumba ikaruka, na yeye hakufikisha miezi miwili katika ofisi. Wakopeshaji walisoma ahadi, wakatafuta mstari wa pesa, hawakuuona.

Lakini nazunguka mbali bure wakati Zambia iko hapo, nyuma ya foleni ya malori. Kati ya 2012 na 2015 majirani zetu waliuza hati za deni kwenye masoko ya nje mara tatu: dola milioni 750, kisha bilioni 1, kisha bilioni 1.25. Wakakopa na kwingine, China hasa. Barabara zilijengwa, umezipita mwenyewe. Halafu bei ya shaba ikashuka, kwacha ikashuka nayo, na deni la dola likabaki na urefu wake. Novemba 2020 walishindwa kulipa riba ya dola milioni 42.5. Kwa serikali nzima hicho ni kiasi kidogo, lakini siku hiyo Zambia ikahesabiwa kuwa nchi isiyolipa, na mazungumzo na wakopeshaji yakachukua miaka. Agosti 2021 Wazambia wakamtoa Edgar Lungu kwa kura, wakamweka Hakainde Hichilema. Huyu akafungua shule bila ada mwanzoni mwa 2022, na wakati ule ule akaondoa ruzuku ya mafuta ya magari. Angalia alivyofanya: mkono mmoja ulitoa, mwingine ulichukua, na watu waliviona vyote viwili. Unaweza kumkubali au kumkataa, ila ulijua nani analipa.

Kwetu, kwa muda mrefu, hatukujua. Hapa naomba uniruhusu nikae kidogo, kwa sababu vijana wanaobishana leo wengi hawakuishi miaka ile.

Serikali ya Mobutu ilikopa bei ya shaba ilipokuwa juu, kwa miradi kama ile laini ya umeme ya Inga-Shaba, karibu kilomita 1,700 za nyaya kutoka mto Kongo mpaka kwenye migodi yetu. Katikati ya miaka ya 1970 bei ya shaba ikaanguka, deni likabaki. Hata hivyo Gécamines, kampuni ya serikali ya migodi, ilikuwa bado inatoa, na Kinshasa ilikuwa bado inaikamua. Mwaka 1986 ilizalisha zaidi ya tani 470,000 za shaba. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka. Kufika 1994 uzalishaji ulikuwa karibu tani 30,000. Mapato yakakauka, lakini askari, maofisa na safari za wakubwa havikukauka. Nani atakayekopesha nchi ya namna hiyo? Hakuna. Basi zikachapwa noti.

Mama yangu alikuwa anauza samaki wa Kasenga. Akiba yake aliiweka kwenye mkebe wa maziwa, chini ya kitanda, zaire (pesa yetu ya wakati ule) juu ya zaire, kwa ajili ya mabati ya nyumba ya Katuba. Alipoanza kuhesabu kwa makini, mkebe ulikuwa unatosha mabati kumi na mawili. Alisubiri miezi michache ili afikishe ishirini. Siku aliyokwenda dukani, pesa yote haikununua bati moja. Alirudi na misumari. Nakumbuka alivyoiweka ile karatasi ya misumari mezani na kukaa kimya. Hakuna mtu wa kodi aliyekuwa amepiga hodi kwetu mwaka ule. Hakuna sheria iliyopitishwa Bungeni ya kumtoza mama mabati yote kumi na mawili. Lakini alitozwa. Kila noti mpya iliyotoka Kinshasa kulipia matumizi yasiyo na mapato ilichukua kipande cha ile iliyokuwa kwenye mkebe.

Tarakimu za wakati ule zinatisha mpaka leo. Mwaka 1994 mfumuko wa bei ulipita 9,000%. Oktoba 1993 walikata sifuri: zaire mpya 1 kwa zaire za zamani milioni 3. Tarehe 30 Juni 1998 wakaleta franka: 1 kwa zaire mpya 100,000. Zidisha mwenyewe, Mama. Franka 1 ya siku ile ilikuwa sawa na zaire za mkebe wa mama yangu bilioni 300.

Na hatukupona mara moja. Shaba iliposhuka bei 2015 na 2016, mapato ya serikali yakaanguka, Benki Kuu ikaombwa tena kuziba pengo. Dola iliyokuwa karibu franka 925 mwaka 2015 ikafika karibu 1,600 mwisho wa 2017, na mwaka huo bei zilipanda kwa zaidi ya 50%. Ninyi wa sokoni mliona kabla ya wataalamu. Baada ya hapo kukawa na mabadiliko ambayo nayasifu bila kujali chama. Sheria ya Benki Kuu ya Desemba 2018 iliikataza kuikopesha serikali. Mwaka 2020 ukaandikwa mkataba wa utulivu kati ya Benki Kuu na wizara za Fedha na Bajeti. Tangu 2019 Hazina ilianza kuuza hati zake kwa mabenki ya ndani badala ya kukimbilia mashine ya noti. Na mpango wa Shirika la Fedha la Kimataifa wa 2021 hadi 2024 ulifika mwisho wake, jambo ambalo Kongo ilikuwa haijawahi kulifanya na mpango wowote wa namna hiyo. Deni letu lenyewe leo si kubwa ukililinganisha na uchumi, kwa sababu 2010 tulifutiwa karibu dola bilioni 12 za madeni ya zamani. Mgombea anayekutisha kwamba Kongo inazama katika deni la nje kama Zambia ya 2020 anakutisha na kitu kisicho chetu.

Hofu yangu mimi iko kwingine. Mashine ya noti ikifungwa na mkopo wa nje ukiwa mgumu, serikali yenye pengo inabaki na njia moja ya kimya: kutolipa. Haitangazwi. Hakuna waziri anayesimama kusema "mwezi huu tumekopa kwa walimu". Lakini ndivyo ilivyo. Mwenye kampuni aliyejenga daraja anangoja miaka, mstaafu anakufa bila malipo yake, na mwalimu wa "nouvelle unité", aliyekwisha kuajiriwa, anafundisha mwaka wa pili na wa tatu bila jina lake kuingia kwenye orodha ya malipo. Pengo halikuandikwa kwenye bajeti. Limehamia nyumbani kwa mwalimu. Kutoka kwake linahamia kwako, anapochukua bunga kwa deni na kusema atalipa mwisho wa mwezi.

Kwa hiyo nakuja kwa mwenzako wa pili, yule anayetaka masomo ya bure mpaka sekondari. Katiba, kifungu cha 43, inasema shule ya msingi ya serikali ni ya lazima na bure. Tangu miaka ya 1990 haikuwa hivyo. Serikali ilishindwa kuwalipa walimu, wazazi wakaambiwa wachangie, na mchango wa dharura ukadumu karibu miaka thelathini. Hiyo ilikuwa kodi, Mama, hata kama haikuitwa kodi, tena kodi mbaya kuliko zote, kwa sababu mwenye watoto sita na mshahara mdogo alilipa kuliko tajiri mwenye mmoja. Septemba 2019 gharama hiyo ilirudishwa serikalini, na Benki ya Dunia mwaka 2020 ikaidhinisha dola milioni 800 kusaidia. Mimi nahesabu uamuzi huo kuwa mmoja wa mizuri kabisa iliyofanywa na serikali yetu katika maisha yangu. Nimeona wasichana wa Ruashi wakirudi darasani. Nimeona pia madarasa ambamo watoto wanakaa chini mpaka mlangoni, na walimu wakigoma karibu kila Septemba. Mwenzako asiache kudai sekondari. Ila aulize, kabla ya sekondari, walimu wa msingi wasio kwenye orodha wataingia lini, na pesa ya kuwaingiza inakatwa wapi.

Maana kila kitu sasa kinavutana kwenye mfuko mmoja. Huko mashariki, Goma ilianguka mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, Bukavu katikati ya Februari, na forodha za huko zikaacha kuingiza pesa Hazina. Machi ikaamuliwa mshahara wa askari na polisi uongezwe mara mbili. Nani angesimama kupinga, wakati ndugu zetu wanakimbia na magodoro kichwani? Mimi sikupinga. Lakini mapato yamepungua na matumizi yamepanda katika miezi ile ile, na mgombea wa kweli hawezi kuzungumza nawe kama vile hilo halikutokea.

Sasa mwenzako wa kwanza, wa kuondoa kodi yote. Namwelewa uchungu wake. Lakini muulize, kodi ipi? Neno moja "kodi" linabeba vitu vitatu vyenye wenyewe tofauti.

Kuna ile ya sheria ya nchi, kama TVA, kodi ya ongezeko la thamani, ya 16%, iliyoanza tarehe 1 Januari 2012. Hiyo Rais na Bunge wanaweza kuigusa. Kuna tiketi unayokatiwa asubuhi kwa meza yako. Hiyo ni ya mji na komini, na nyingine zinazoifuata ni za jimbo. Mgombea urais anayesimama soko la Kenya kuahidi kufuta tiketi ya meza anaahidi kitu ambacho hakimo mikononi mwake. Halafu kuna ile ya kizuizi barabarani, ya kamba iliyofungwa kwenye miti miwili, isiyo na risiti. Hiyo si kodi kabisa. Kifungu cha 174 cha Katiba kinasema hakuna kodi isipokuwa iliyowekwa na sheria. Ukichanganya hizo tatu, utamchukia mkusanyaji halali kwa makosa ya mwizi, na mgombea mjanja atakupunguzia ile ya kwanza, ambayo inajenga shule, huku akiiacha ya tatu ikuumize.

Serikali yetu, ukilinganisha na uchumi, inakusanya chini ya wastani wa Afrika. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema Kongo ina kodi nyingi. Kongo ina mikono mingi inayopokea na kodi kidogo inayofika. Mtu aliyebeba mkaa kutoka njia ya Kasenga anakutana na wapokeaji wengi kuliko kampuni yenye wanasheria watatu.

Na usidhani kura ndiyo sauti yako peke yake. Unakumbuka RAM? Septemba 2020 simu zetu zilianza kukatwa unite kwa ajili ya "kusajili" kifaa: dola 1 kwa mwaka kwa simu ndogo, dola 7 kwa zile za intaneti. Watu walilalamika sokoni, redioni, makanisani, wabunge wakashindwa kunyamaza, na mwanzoni mwa 2022 ikaondolewa. Haukuwa mwaka wa uchaguzi.

Kwetu Haut-Katanga kuna hesabu moja zaidi, na wagombea wanapenda kuipita haraka. Sheria ya migodi ya Machi 2018 ilipandisha mrabaha wa shaba, yaani malipo ya kampuni kwa madini inayoyatoa, kutoka 2% hadi 3.5%, na madini yanayoitwa ya kimkakati, kobalti ikiwamo, yakawekwa 10%. Mrabaha huo unagawanywa: 50% serikali kuu, 25% jimbo, 15% mji au sekta yenye mgodi, 10% mfuko wa vizazi vijavyo. Tena kifungu cha 175 cha Katiba kinasema 40% ya mapato ya taifa ni ya majimbo na ikatwe palepale yanapokusanywa. Magavana wamekuja na kuondoka wakilalamika kwamba haikatwi palepale; inakwenda Kinshasa kwanza, na kinachorudi hakifiki 40%. Mbele ya mgombea urais yeyote atakayekanyaga Lubumbashi, mimi ningeanzia hapo kabla ya kumsikiliza juu ya TVA.

Tusikilize nani, umeuliza. Jina sitakupa. Kwa kalenda ya Katiba uchaguzi ujao ni wa 2028, na 2023 orodha ya mwisho ilikuwa na watu 26. Wengi wetu tulikumbuka rangi za fulana kuliko tarakimu zao. Nitakuambia ninavyowapima mimi. Anayeahidi kupunguza mapato na kuongeza matumizi katika hotuba moja ameahidi defisi, hata kama neno hilo hakulitamka, na sharti aseme itajazwa na benki za ndani, na mkopo wa nje, au na mwalimu. Asiyesema, mimi namhesabu katika wale watakaotumia mwalimu. Halafu namuuliza swali moja tu la ziada: shaba ikishuka bei, utakata nini kwanza? Si swali la kubuni. Kobalti ilishuka mpaka Februari 2025 serikali yetu ikasimamisha kuiuza nje, na Oktoba ikaanza kuiruhusu kwa kiasi kilichopangwa. Bajeti yetu inapanda na kushuka na mawe haya. Mgombea ambaye hajafikiria mwaka mbaya hajafikiria bajeti. Na siku hiyo hiyo ya uchaguzi utapewa karatasi nyingine, ya mbunge. Huyo ndiye anayeipigia kura bajeti kila Desemba. Kumchagua kwa sababu aligawa bunga, wewe muuzaji wa bunga, itakuwa ni kujiharibia bei mara mbili.

Sasa likelemba. Kama mzunguko wenu ni wa wiki au mwezi, na mwenye zamu anapokea na kununua mara moja, kaeni katika franka. Kubadilisha kwenda na kurudi kunampa kambisti, mbadilisha pesa, faida yenu. Kama mnaweka kwa miezi mingi, angalieni mtanunua nini. Mzigo wa Kasumbalesa unalipwa kwa dola na kwacha, basi akiba yake iwe dola. Ada na kodi ya nyumba inayodaiwa kwa franka iwe franka. Na msidhani dola haishuki. Mwaka 2025, kati ya Septemba na Oktoba, ilitoka juu ya franka 2,800 mpaka chini ya 2,500 kwa wiki chache, na walioikumbatia yote wakapoteza, huku bei za sokoni zikikataa kushuka nayo. Mimi mwenyewe nagawanya: nusu huku, nusu kule, na mkebe wa maziwa siutumii tena.